Keki Inafika, Gari Hatuna

Wateja wangu wengi wanaamini nina gari. Asubuhi ya shughuli wananipigia: "Dada, umeshatoka? Foleni ikoje huko?" Halafu wanaongeza, "Endesha taratibu jamani, usije ukatuaibisha." Mimi sijawahi kuendesha chochote chenye injini. Leseni ndani ya nyumba yetu anayo mume wangu, na kila ikiisha muda wake anakwenda kuihuisha, sijui kwa matumaini gani.

Natengeneza keki nyumbani, Sinza, Dar es Salaam, upande wa Mori. Za harusi, za sendofu, za kipaimara, za watoto wanaotaka sura ya katuni ambayo mimi mwenyewe siijui, na mara moja moja ya mzee anayestaafu. Keki hizo zinakwenda Mbezi Beach, Tabata, Kigamboni, Ukonga. Zote zimefika kwa bajaji, isipokuwa za Kigamboni, ambazo zimepanda pantoni pia.

Nieleze kidogo hapa, maana ndiyo sehemu watu wasiyoiamini. Keki ya ghorofa tatu haisafiri ikiwa imesimama. Hata ukiwa na gari la milioni mia, haisafiri imesimama. Kila ghorofa inakaa kwenye boksi lake, unakwenda kuipanga ukumbini, na maua unayaweka mwisho kabisa. Kiti cha nyuma cha bajaji kimelalia nyuma kidogo, kwa hiyo ukiweka boksi pale juu, keki inaegemea hadi krimu inagusa karatasi. Boksi linakaa sakafuni, juu ya kipande cha godoro nilichofunika kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo ili lisiteleze. Mimi nakaa pembeni magoti yamebana, mkono mmoja juu ya boksi. Krimu ya siagi inalegea jua likishakuwa kali, na Dar linakuwa kali mapema, kwa hiyo keki ya krimu inatoka nyumbani asubuhi, hata kama shughuli ni ya jioni, na ukumbini nimeshahakikisha kuna friji au chumba chenye kiyoyozi. Mteja akisisitiza nilete saa nane mchana, namwambia tutumie fondanti au abadilishe fundi.

Dereva ninayemtumia nilimjua akiwa na bajaji ya tajiri, analeta hesabu kila jioni. Sasa ana zake na ameajiri vijana. Anajua matuta yote kati ya hapa na Kawe, yale yaliyojengwa na wenye barabara na yale ambayo wananchi wamejimwagia zege wenyewe usiku. Kuna njia ndefu anayoipenda kwa sababu ina matuta machache, na ananitoza bei ya keki, ambayo ni kubwa kuliko bei ya spesheli ya kawaida, kwa kuwa anakwenda mwendo wa maandamano na madereva wengine wanamtukana njia nzima. Bei hiyo naiandika kwenye risiti ya mteja, mstari wake peke yake: usafiri. Wenzangu wenye magari wanaandika kwenye Instagram kwamba wanapeleka bure. Nimekaa na mmoja wao tukapiga hesabu kwa kalamu, mafuta na muda aliokaa Mwenge kwenye foleni, tukakuta keki ya kilo mbili aliyoipeleka Tegeta ilimwachia hela ya vocha.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ana Harrier. Ni mtu mzuri sana, simsemi vibaya. Lakini kila akija Jumapili, akishakula, lazima aulize.

"Shem, hivi nyie mnangoja nini?"

"Tunangoja wewe utupe ya kwako, shem."

"Nyie chukueni hata IST tu. Mkopo upo. Mtu wa biashara kama wewe unabebwa na bajaji, wateja wakikuona?"

Wateja wananiona. Wengine ndio wananisaidia kushusha maboksi.

Sitajifanya kwamba hatuna gari kwa sababu ya mazingira au kwa sababu ya falsafa fulani. Tulipoanza maisha hatukuwa na hela. Baadaye hela ya IST ikapatikana, ikanunua oveni kubwa na friji ya milango miwili, na baada ya hapo tukaendelea kuishi hivyo hivyo, na maisha yakawa yanakwenda. Mimi ni Mpare wa Same, utani wa ubahili nimeuzoea tangu shuleni, nao una ukweli wake. Lakini nikiangalia kwa nini maisha yetu yanakwenda bila gari na ya rafiki zangu hayaendi, naona jambo moja ambalo halihusiani na ubahili wangu. Ni mahali tunapokaa.

Sinza haikuota tu. Ni moja ya sehemu zilizopimwa miaka ya 1970, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, kwenye mradi wa viwanja na huduma uliopata fedha za Benki ya Dunia. Watu walipewa viwanja vidogo vilivyopimwa, barabara za mtaa zikachorwa kabla ya nyumba, na nafasi za shule na masoko zikaachwa. Leo nusu ya nyumba hizo ni baa na nusu nyingine ni gesti, tunachekwa kwa hilo mji mzima. Lakini ile michoro bado inatulea. Kutoka mlangoni kwangu natembea kwenda gengeni, kwenye duka la dawa, kwa fundi cherehani, kanisani, kwenye mashine ya kusaga, na binti yangu anatembea kwenda shule. Zahanati ipo. Hospitali ya Palestina ipo. Nikitaka kwenda mbali, nashuka hadi Mawasiliano, ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Simu 2000, na pale kuna daladala za kwenda karibu kila pembe ya mji huu. Au nachukua bajaji ya kuchangia kwenye barabara ya Shekilango, nashuka chini kwenye Morogoro Road, napanda mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake.

Kabla ya mwendokasi, Morogoro Road asubuhi ilikuwa inakula saa nzima ya mtu na kudai nyingine. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, nauli ikiwa shilingi 650, njia kuu ikitoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya kwenda Gerezani na Morocco. Mwaka 2018 jiji letu likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, tukapigiwa makofi duniani. Sasa hivi ukimtajia mtu wa Kimara tuzo hiyo saa moja asubuhi anaweza kukupiga na pochi. Mabasi yanajaa tangu kule mwisho, na aliyesimama Shekilango anaangalia milango ikifunguka na kufungwa bila mtu kushuka. Wenye akili ya mjini wanageuza: wanapanda basi linalorudi Kimara, wanakaa kwenye siti, wanageuka nalo. Mume wangu, ambaye anafanya kazi Kariakoo, hageuzi. Anatoka mapema, au anatoka baada ya saa tatu siku ambazo bosi wake yuko safarini.

Mimi ratiba yangu ni ya kinyume na mji, na hiyo ni bahati. Kariakoo nakwenda saa tano asubuhi, siti zipo, jua kali lakini basi lina upepo. Nanunua unga maalumu wa keki, sukari laini, rangi, mabodi, maboksi, ribini. Vitu vyepesi narudi navyo. Viroba vya unga na ndoo za mafuta nawaachia watu wa mzigo. Kijana mwenye kirikuu anakusanya mizigo ya watu watatu wanne wanaoelekea Sinza na Mwenge, anatugawia nauli, jioni kiroba kipo getini. Namwona jirani yangu mwenye gari akienda Kariakoo kununua kitu hicho hicho, anazunguka Mtaa wa Msimbazi akitafuta pa kupaki, anaacha gari mbali, anabeba kiroba kichwani au anakodi mkokoteni umpelekee kwenye gari. Halafu anarudi na tiketi ya maegesho kwenye kioo.

Mvua ni habari nyingine. Masika yakishika, bonde la Msimbazi linajaa pale Jangwani na barabara inafungwa. Hapo hakuna mwenye Harrier wala mwenye kadi ya mwendokasi. Wote tunazunguka, wengine kwa Kigogo, wengine kwa Kawawa, na mji mzima unabanana kwenye njia mbili tatu. Siku moja ya namna hiyo nilitembea kutoka Fire hadi Magomeni baada ya maji kupungua, viatu mkononi, nikapita magari niliyoyaona yamesimama tangu nikiwa ndani ya basi. Simdhihaki mtu. Nilikuwa nimelowa hadi kiunoni na yule mama wa kwenye Prado alikuwa mkavu, anasikiliza redio. Lakini mimi ndiye niliyepika chakula cha jioni siku hiyo.

Sasa Kiluvya.

Mwaka 2014 tulinunua kiwanja Kiluvya, nje ya mji kwenye Morogoro Road, ndani kutoka lami. Ofisini kwa mume wangu kila mtu alikuwa ananunua. Walikuwa wanapeana namba za madalali kama watu wanaopeana dawa ya kikohozi. Tuliweka nguzo za mipaka, tukapanda miembe na mnazi mmoja, na tangu hapo kila mkutano wa familia una ajenda ya kudumu: mtajenga lini? Kupanga ni kutupa hela. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, unampelekea hela inayotosha kununua tofali. Maneno hayo yote ni kweli, na kwa miaka mingi sikuwa na jibu lake zaidi ya kusema Mungu akijalia.

Jibu alinipa mtu aliyejenga. Ni rafiki yangu tangu sekondari, amejenga huko huko maeneo ya Kiluvya, nyumba nzuri, vyumba vinne, bafu la ndani, bustani. Anafanya kazi Posta, katikati ya mji. Ni karibu kilomita 30 kwenda, na 30 kurudi. Anatumia Toyota ndogo, ile isiyokula mafuta, ila kwenye foleni hata isiyokula inakula: kama lita sita kwa siku. EWURA, wadhibiti wa nishati, wanatangaza bei ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwenzangu anaisubiri kwa moyo unaodunda. Chukua shilingi elfu tatu kwa lita, kwa mfano. Ni 18,000 kwa siku. Siku 22 za kazi kwa mwezi, 396,000. Hapo hajanunua tairi, hajabadilisha oili, bushi hazijaanza kulia kwa sababu ya ile barabara ya vumbi, hajalipa bima, hajalipia maegesho mjini, hajakutana na trafiki wa faini ya 30,000.

Kodi yangu Sinza ni 350,000.

Nilimwonyesha hesabu hiyo. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Lakini nyumba ni yangu." Kweli, ni yake, na hilo si jambo dogo, mimi naweza kuhamishwa mwenye nyumba wangu akiamka vibaya. Nilichokuwa namwonyesha ni kitu kingine: gari hakulinunua kwa sababu alilitaka. Kiwanja ndicho kilichomnunulisha. Alihesabu bei ya ardhi, bei ya tofali, bei ya bati, na gari halikuwemo kwenye makadirio ya fundi, ingawa bila gari nyumba ile haikaliki. Kutoka lami hadi kwake ni bodaboda, usiku bei inapanda, mvua ikinyesha bodaboda hawaendi kabisa. Na mji wetu wote unapanuka kwa namna hiyo: Madale, Goba ya ndani, Chanika, Bunju, Kibamba, Msumi. Watu wanafuata kiwanja cha bei nafuu, wanajikuta wanalipa tofauti kwenye kituo cha mafuta kila asubuhi maisha yao yote.

Na watoto ndio wanaolipa zaidi. Watoto wa rafiki yangu wanachukuliwa na gari la shule saa kumi na moja kasoro alfajiri, kwa sababu wao ni wa kwanza kwenye mzunguko na wa mwisho kushushwa jioni. Wanalala njiani midomo wazi. Binti yangu saa hiyo yuko usingizini, na hajui neema aliyonayo. Analalamika kwamba wenzake wanashushwa na magari getini na yeye anakuja na vumbi kwenye viatu. Yuko kidato cha pili, umri wa kuona aibu kwa kila kitu, pamoja na mama yake. Wakati wa kwenda kwa bibi yake Mbagala anapanda daladala kwa nauli ya mwanafunzi, shilingi 200, na huko anajifunza dunia: konda anayezuia mlango kwa mguu akisema "Wanafunzi wawili tu!", na mama asiyemjua anayemvuta ndani akimwambia konda, "Wako hajasoma?" Sipendi anavyosukumwa. Ila nimegundua anaujua mji huu kuliko binamu zake wa Harrier, ambao ukiwaacha Mnazi Mmoja watalia.

Mambo yanayoniuma ninayo, na si machache.

La kwanza ni kutembea kwenyewe. Barabara ya Shekilango ilipanuliwa, ikapendeza, wakaweka na njia ya miguu. Leo njia hiyo ina magari yaliyopaki mbele ya baa, meza za chipsi, bodaboda zinazokata foleni, na mitaro ambayo mifuniko yake imekwenda kwa wauza chuma chakavu. Mimi natembea barabarani, napigiwa honi na mtu ambaye gari lake likipaki litakaa pale pale nilipotakiwa kupita. Dakika kumi kutoka nyumbani hadi kituoni ndizo ngumu kuliko saa nzima ndani ya basi. Usiku taa zikiwa zimezimika natembea na tochi ya simu imeelekezwa chini, na simu yenyewe nimeikamata kwa mikono miwili kwa sababu ya wale wa pikipiki wanaokwapua.

La pili ni magetini. Kuna kumbi na hoteli hapa mjini ambazo ukifika na gari, hata bovu linalotoa moshi, kizuizi kinanyanyuliwa na mlinzi anapiga saluti. Fika kwa miguu na boksi la keki: "Unatafuta nani? Umetumwa na nani? Fungua hapo." Ukumbi mmoja walikataa bajaji isiingie, wakasema inaharibu mandhari, nikabeba ghorofa ya chini ya keki, kilo tano na ushee, kutoka getini hadi jikoni jua la saa tano. Tangu hapo namuuliza mteja kabla sijapokea malipo ya awali: bajaji inaingia mpaka mlangoni? Wengi hawajawahi kufikiria swali hilo.

Bodaboda napanda, lakini kwa masharti. Nina helmeti yangu mwenyewe, nyekundu, nimeinunua dukani na si ile ya kijiweni iliyovaliwa na mji mzima. Naingia nayo kwenye kichen pati nimevaa kitenge na vito, naiweka chini ya meza. Mashoga zangu wamezoea, sasa wananiwekea pochi zao ndani yake. Kukaa upande kwa sababu ya gauni sikubali. Nikivaa gauni la kubana napanda bajaji au nakwenda na mtu. Aliyewahi kumtembelea mgonjwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, akaona vijana waliofungwa miguu kwa vyuma mstari kwa mstari, hahitaji kushawishiwa.

Kisha lile swali ambalo shemeji huliweka mwisho, kama karata yake kubwa. "Mtoto akiugua usiku je?" Mtoto wetu mdogo ana pumu, kwa hiyo swali hilo si la nadharia kwetu. Dereva wa bajaji anakaa mtaa wa pili na simu yake haizimwi. Ni makubaliano yetu, na kila Krismasi na kila Idi familia yake inapata keki bila kulipa. Asipopatikana, kuna teksi za kuita kwa simu. Dogo alipobanwa usiku wa mwisho tulikuwa hospitali kabla sijamaliza kufunga kitenge vizuri. Ningekaa Kiluvya ndani, nisingeandika hivi. Ningenunua gari, hata kwa mkopo wa kausha damu, na nisingemsikiliza mtu anayeandika blogu kutoka Sinza. Vilevile mtu mwenye ulemavu asiyeweza kupanda ngazi za daladala, na fundi anayebeba mashine nzito kila siku: hao gari lao si anasa. Nisemacho ni kwamba wengi wetu tumejikuta na hitaji la gari baada ya kuchagua pa kuishi, halafu tunadhani hitaji lilitangulia.

Kuna kitu gari lingeninyima pia. Misiba. Ukiwa na gari unakwenda msibani peke yako na kurudi peke yako, na umebebeshwa wazee wa ukoo ambao lazima uwashushe mlangoni kwao, Gongo la Mboto kisha Mbezi. Sisi tusio na gari tunachangia Coaster. Ndani ya Coaster ndiko mambo ya ukoo yanakoamuliwa: nani hajachanga, nani amegombana na nani, marehemu alikuwa na watoto wangapi kweli. Mama mkwe wangu alinifundisha nyimbo za kwao ndani ya Coaster tukirudi Lushoto. Shemeji alikuwa mbele na Harrier yake, hajui hata ubeti mmoja.

Desemba ndiyo mtihani. Kaskazini ukirudi nyumbani Krismasi bila gari, unaulizwa kabla ya salamu: "Umekuja na nini?" Barabara kuanzia Chalinze imejaa magari ya kukodi ambayo majirani wataambiwa yamenunuliwa. Sisi tunapanda basi Mbezi, kwenye stendi ya Magufuli, tiketi tumekata Novemba kabla nauli hazijapata wazimu, au tunapanda treni. Treni ya kwenda Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya reli kuota majani, na watoto wangu hawataki usafiri mwingine tena. Inachukua usiku mzima na zaidi, ina madirisha ya kufunguka, inasimama sehemu ambazo hata ramani imezisahau, na mtu anakuuzia machungwa ukiwa umekaa. Mama yangu anatupokea stesheni na kijana wa bodaboda wa kubeba begi. Mwaka wa kwanza aliona aibu kidogo, aliniambia wazi. Sasa anawaambia wenzake wa jumuiya kwamba wajukuu wake wamekuja na treni nzima.

Mwaka huu, baada ya mjadala uliochukua masika yote, mume wangu amekubali tuuze Kiluvya na hela iende kwenye chumba na sebule ya kununua karibu na njia ya mwendokasi, hata ikiwa ghorofani, hata ikiwa ndogo. Anaangalia sana upande wa Mwenge, maana njia ya Bagamoyo Road na ile ya Sam Nujoma nazo zimo kwenye mpango wa mwendokasi na wakandarasi wamekuwa wakichimba. Shemeji amenuna. Anasema tunauza urithi wa watoto. Nimemwambia urithi wao ni usingizi wa saa kumi na moja alfajiri, akasema hayo ni maneno ya Wapare.

Kwa hiyo kiwanja kinauzwa. Kimepimwa, hati bado inafuatiliwa, nyaraka za serikali ya mtaa zipo, miembe imeanza kuzaa na mnazi umekufa. Umeme umefika jirani. Kwenda kukiona tutapanda wote daladala hadi Kiluvya, halafu bodaboda mbili. Ukiwa na gari lako itakuwa rahisi zaidi, nami nitaomba lifti. Dalali asiye na mteja mkononi asinipigie.